Maji ya Kuivishia Njugu Mawe

Njugu mawe zilizokauka hazimfai mtu mwenye haraka. Nalisema hili mapema ili usije ukavunjika moyo katikati ya kazi. Ukizishika kwa mara ya kwanza utadhani umepewa changarawe: ni ndogo, za mviringo, ngumu, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi kabisa, na kila moja ina kidoa kama jicho. Lakini zikiiva vizuri huwa laini na za unga, zenye utamu wa mbali, na zikikutana na tui zito la nazi mtu hula bila kuzungumza. Nimewafundisha watu wengi kuzipika na hakuna aliyeshindwa. Hata wewe hutashindwa. Mimi mwenyewe nilijifunza katika miezi ambayo sipendi kuirudia, lakini siwezi kukueleza njugu bila kuieleza miezi hiyo.

Tulikuwa tunakaa Tabata, mimi na wazazi wangu, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo baba aliijenga kidogo kidogo alipokuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kaka zangu wawili walikuwa wameshahamia mikoani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka yalipojaa vitambaa vya kutoka nje na mitumba ikauzwa mpaka kwenye vibaraza vya majirani, kiwanda kikasimama na baba akarudi nyumbani na sanduku lake la spana. Hakukaa bure. Alianza kusafiri kwenda Lindi, anarudi na korosho, ufuta na njugu mawe. Biashara yenyewe haikuwa kubwa, lakini kila safari lazima abakize njugu za nyumbani, kwa sababu mama alikuwa mzaliwa wa kusini na hakuna aliyezipika kama yeye.

Safari ya mwisho alirudi katikati ya Ramadhani akiwa na homa. Alishusha nusu gunia la njugu ukumbini, akaliegemeza ukutani, akasema hizi ni za Idi. Idi hakuiona.

Mama akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani. Alivaa nguo nyeupe, akaacha wanja na marashi, akawa anakaa chumbani juu ya mkeka. Idi ilipopita na watu wengine wote kurudi kwenye chai ya asubuhi, yeye aliendelea kufunga. Kwanza alifunga zile siku sita zinazofuata Idi. Kisha akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi. Kisha siku zote. Wanawake waliokuja kumpa pole walitoka wakimsifu. "Mashaallah, mama yako kashika dini kwelikweli," waliniambia mlangoni, nami nikaona fahari.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nakueleza umri wangu si kwa kujitetea, ila ujue kwamba macho nilikuwa nayo na sikuyatumia. Kila magharibi nilimpelekea mama maji, tende, uji na chochote nilichopika. Alikunywa maji nusu kikombe. Alikula tende moja, tena polepole sana. Kisha anasukuma sinia. "Nimeshiba, mwanangu. Kula wewe, usilale na njaa." Na mimi nilikula.

Aliyeona ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekuwa akija kutoka Mwananyamala kila baada ya wiki mbili. Mama mdogo alikuwa na ulimi mkali na moyo laini, na vyote viwili alivitumia kwa pamoja. Siku hiyo alimsaidia mama kubadilisha nguo, akatoka chumbani akanivuta mpaka uani.

"We mtoto, mama yako anakula nini?"

"Anafunga, mama mdogo."

"Kufunga hata mie nafunga. Nakuuliza anafuturu nini?"

Nikamtajia maji na tende. Nusu kikombe, na tende moja.

"Mbavu zake nimezihesabu," alisema. "Huyu hafungi, mwanangu. Huyu anamfuata mumewe, na sie tunampigia makofi."

Tangu hapo nilikuwa na kazi moja tu duniani, mama ale. Nilipika wali wa nazi, nikapika samaki wa kupaka, nikapika ndizi, nikaomba, nikalia mbele yake. Mama mdogo alimpeleka hospitali, akatundikiwa dripu, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyesumbuliwa. Hakuwa na ugonjwa ambao ungetajwa kwa jina. Hatimaye jioni moja nilimuuliza kama kuna kitu chochote, hata kimoja, ambacho moyo wake unakitamani.

"Labda njugu," alisema. "Zile alizoleta baba yako."

Sikutaka hata kumaliza kumsikiliza. Nilikimbilia lile gunia.

Sasa nisikilize vizuri. Njugu zikiletwa na maganda yake, utaziweka kwenye kinu na kuzitwanga kwa mkono mwepesi, maana unavunja ganda tu, hutaki unga. Zipepete kwenye ungo. Kisha kaa chini uzichague moja moja: toa zilizotobolewa na wadudu, toa zilizokunjamana. Zioshe, zimwage kwenye beseni la maji, na zinazoelea zitupe. Zilizobaki ziloweke tangu jioni mpaka asubuhi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, bandika. Yakichemka kwa muda mwaga tena, maana hayo ya kwanza yana ukakasi, kisha tia maji mengine na sasa uanze safari yenyewe. Usitie chumvi mpaka ziive, kwa sababu chumvi huzikaza. Usiongeze maji ya baridi, zitashtuka. Weka birika la maji ya moto pembeni. Na usifunue funue sufuria kwa wasiwasi.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimemwona mama akiyafanya maisha yangu yote.

Kwa kuwa njugu hula mkaa mwingi, nilitengeneza jiko la maranda. Huenda hujaliona. Unachukua kopo kubwa la rangi lililotobolewa chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unapitisha kijiti kwenye lile tundu, unashindilia maranda ya mbao kuizunguka chupa mpaka yawe magumu, halafu unachomoa chupa na kijiti taratibu. Moto unakaa kwenye lile shimo na unakwenda polepole kutwa nzima. Maranda niliyapata bure kwa maseremala wa barabarani. Nilibandika sufuria jua likiwa bado halijachomoza sawasawa, nikakaa kwenye kibao, nikangoja.

Saa nne bado ngumu, nikaona ni mapema. Adhuhuri bado ngumu. Mama mdogo, ambaye alikuwa amekuja makusudi kuona hiyo futari, alichota moja kwa upawa, akaibonyeza kwa vidole, akanitazama.

"Hizi njugu au kokoto? Wajenzi wa barabara wakijua tunazo, watakuja na lori."

"Zitaiva, mama mdogo."

"Zitaiva, ndiyo. Nikishapata wajukuu."

Alasiri nikaingiwa na hofu nikafanya kosa: nilitia kipande cha magadi. Maganda yalichubuka, maji yakawa ya kahawia, na harufu ikawa kama ya sabuni, lakini mioyo ya njugu ilibaki vilevile. Nilishindilia na kuwasha jiko la pili, nikidhani moto ndio haba. Nilitia tui hivyohivyo, nikijidanganya kwamba nazi itazilainisha. Adhana ya magharibi ilipolia nilichukua bakuli nikaingia chumbani, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuingia nacho.

Mama alikunywa maji yake nusu kikombe. Akala tende. Kisha, bila kusihiwa, akajichotea mwenyewe kijiko cha njugu. Mama mdogo alinifinya mkono kwa furaha. Halafu tukasikia mlio kinywani mwake, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Da, tema, utavunja jino!" mama mdogo alisema.

Mama aliitema kwenye kiganja chake, akaiangalia.

"Umepikia maji gani?"

"Ya kisimani, mama."

"Ya chumvi."

"Kwani kuna mengine?"

Hakuna nyumba iliyokuwa na mengine ya kupikia. Bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka miaka kadhaa, tukawa tunateka kwenye kisima cha jirani. Maji yake yalikuwa ya chumvi. Tulifulia, tulioga, tulipikia ugali na mboga na tulishazoea. Ya kunywa tulinunua kwa ndoo, kidogo kidogo. Mama aliifunga ile njugu katika ngumi yake.

"Maji ya kile kisima hayaivishi njugu," alisema taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akinifundishia kusonga ugali. "Hata ukeshe. Za kwangu baba yako alikuwa ananiletea maji. Anakwenda Buguruni kwenye bomba. Madumu mawili."

"Lini? Mbona sijawahi..."

"Akiniona tu nimezimwaga kwenye ungo kuzichagua, anachukua baiskeli. Sikumtuma hata siku moja."

Mimi niliiona ile baiskeli ikitoka kila Jumamosi. Nilidhani anakwenda kucheza bao. Katika miaka yote ile nilikula njugu zilizopikwa na watu wawili, nikamshukuru mmoja.

Mama alirudisha bakuli. "Basi mwanangu. Umejitahidi sana. Zimwage."

Sikukubali. Gunia lilikuwa bado na njugu, na baiskeli ilikuwa bado imeegemea ukuta wa nyuma, gurudumu moja limeishiwa upepo. Usiku ule niliziloweka nyingine kwa maji yetu ya kunywa, na asubuhi nililijaza gurudumu upepo, nikafunga madumu mawili kwa mpira, nikaenda Buguruni nikiikokota, maana kuiendesha sikujua.

Kwenye bomba foleni ilikuwa ndefu, wanawake na ndoo zao, na maneno ni mengi kuliko maji. Nilipofika mwisho wa mstari mama mmoja mnene, aliyekuwa amekalia ndoo yake kama kiti, aliikazia macho baiskeli.

"We sista, baiskeli hiyo umeitoa wapi? Hiyo si ya mzee wa njugu?"

"Mzee wa njugu nani?"

"Mzee mmoja mrefu, wa Tabata. Anatusumbua huyo! Akifika hapa ni mke wangu hivi, mke wangu vile, mke wangu anazipika njugu mpaka ukizitia mdomoni zinajimeza zenyewe. Tukamwambia basi siku moja tuletee kibakuli tuonje. Anajibu nini? Eti haziwahi kubaki." Wenzake wakacheka. "Yuko wapi? Mwambie tunamngoja na kibakuli chake."

"Ni baba yangu," nilisema. "Alifariki Ramadhani."

Kicheko kilikatika. Yule mama alisimama, akainua ndoo yake, akaisogeza nyuma yangu. Na aliyekuwa mbele yake akafanya vilevile, na mwingine, mpaka nikajikuta bombani. Walinipa pole mmoja mmoja. Nilijaza madumu yangu nikilia, maji yakanimwagikia miguuni.

Njugu zile ziliiva. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ndilo somo lenyewe: hazikuwa njugu mbovu, wala mkono wangu haukuwa mbovu. Maji yalipokuwa sahihi, njugu zilezile za gunia lilelile zililainika kabla ya alasiri. Nilibonyeza moja kati ya kidole gumba na cha shahada ikapondeka kama kiazi. Nikatia chumvi kidogo sasa, nikatia tui jepesi, likakauka, nikatia tui zito, nikaepua.

Magharibi mama alikunywa maji, akala tende, akachukua kijiko. Safari hii tulikuwa wawili tu. Alifumba macho. Hakutafuna, aliziponda kwa ulimi. Akameza. Akachota kijiko cha pili.

Nilikuwa nimengoja kijiko hicho cha pili kwa wiki nyingi, na kilipoingia kinywani mwake nilijawa na furaha mpaka nikashindwa kukaa kimya. Hiyo ndiyo tabia yangu, lazima nieleze. Nilitaka kumpa zawadi juu ya zawadi. Nikamsimulia kuhusu bomba, na yule mama mnene, na kwamba baba kule alikuwa anaitwa mzee wa njugu, na alivyokuwa akimsifu mbele za watu, na kile kibakuli walichomwomba ambacho hakukipeleka kwa sababu haziwahi kubaki.

Mama alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Alisema hivyo? Mbele za watu?"

"Ndiyo, mama. Wote wanakujua."

"Mimi hakuniambia hata siku moja kwamba ni nzuri," alisema. "Alikuwa anakula tu, anaomba nyingine."

Akaangalia bakuli muda mrefu. Kijiko alikiweka pembeni, kwa uangalifu, kama mtu anayekirudisha mahali pake.

"Nitamalizia kesho," alisema, akajilaza akitazama ukuta.

Kesho hakumalizia. Wala keshokutwa. Niliendelea kwenda Buguruni kila Jumamosi na kila mara njugu ziliiva, na kila mara alionja moja, akasema "Umeweza, mwanangu," akasukuma sinia. Alinisifu mpaka mwisho. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba mtu aliyekwisha kuamua hasimamishwi kwa neno wala kwa njugu, na kwamba nisijibebeshe. Nimejaribu kumwamini. Lakini nafahamu kwamba kulikuwa na vijiko viwili, na pengine kungekuwa na cha tatu kama ningefunga mdomo wangu. Zile njugu ngumu alizitaka. Zile laini alizionja. Niliyemwambia kwamba alipendwa kwa sauti kubwa mahali ambapo yeye hakuwepo ni mimi, na baada ya hapo hakukuwa na kitu ndani ya nyumba yetu ambacho kingeweza kushindana na hilo.

Alifariki asubuhi ya Jumapili, eda ikiwa imebakiza siku kumi na moja. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mama mdogo alimgeuza peke yake.

Wanawake waliokuja kumwosha waliniuliza maji. Mmoja alikuwa ameshachukua ndoo kwenda kisimani. Nikamzuia. Nyuma ya mlango yalikuwepo yale madumu mawili niliyoyakokota jana yake, yamejaa, hayajafunguliwa. Niliyabeba moja moja nikawapa. Nilisimama nje ya pazia nikisikia yakimiminwa, na nilijua kwamba sitakwenda tena Buguruni.

Siku ya tatu, watu walipopungua, mama mdogo alianza kusafisha jikoni akaniita. Chini ya meza palikuwa na beseni lililofunikwa kwa sinia. Nilikuwa nimelisahau. Jumamosi jioni nilikuwa nimechagua njugu za mwisho za lile gunia, nikaziosha, nikazitia kwenye maji yetu ya kunywa ili ziwe tayari asubuhi. Sasa zilikuwa zimevimba na kupasuka, povu limesimama juu, na harufu ya uchachu ikatupanda puani.

"Zimeharibika," mama mdogo alisema, akanipisha nizibebe mwenyewe.

Nilizimwaga uani, kwenye majivu ya maranda.

Kwa hiyo chagua njugu zako vizuri, tumia maji ya bomba, usitie chumvi mapema, na uwe na subira, utaziweza, nakuhakikishia. Ila kabla hujaziloweka, ingia kwanza chumbani umtazame atakayezila.